Picha Ukurasani: Kuweka, Kuunganisha, Kupachika na Kuhariri

Katika usanifu wa kurasa, picha hutoka nje. Hupigwa kwa kamera, husomwa kwa skana au huchorwa katika programu nyingine, kisha huletwa kwenye hati ambamo kitabu, gazeti au bango linapangwa. Hali imekuwa hivyo tangu PageMaker ya kampuni ya Aldus ilipotoka mwaka 1985, ikafuatwa na QuarkXPress mwaka 1987 na InDesign ya Adobe mwaka 1999. Ni hivyo pia katika Scribus, programu huria ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2003. Menyu ambazo wasanifu wengi wa Afrika Mashariki huzitumia ni za Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kazi hii kwa Kiswahili, au mfasiri anayeandika mwongozo wake, hulazimika kuchagua vitenzi mwenyewe. Uchaguzi huo una matokeo nje ya lugha: kitenzi kisichofaa kinaweza kumfanya mtumiaji apeleke kiwandani hati isiyo na picha zake.

Ingiza, weka

Kitenzi kinachojitokeza haraka zaidi ni *ingiza*. Kimetokana na *ingia* kwa kauli ya kutendesha, na maana yake ni kufanya kitu kiwe ndani ya kingine. Mtu akiingiza gari gerejini, gari limo gerejini. Akiingiza fedha benki, fedha zimo benki. Msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba picha imeingizwa kwenye hati, ana haki ya kuamini kwamba picha imo ndani ya hati.

Aghalabu haimo. Msanifu anapochagua faili la picha na kubofya ndani ya fremu, programu hufanya mambo mawili. Hutengeneza picha wakilishi, yaani nakala nyepesi ya kuonyesha kwenye skrini, na huandika anwani ya mahali faili asilia lilipo: diski gani, folda gani, jina gani. Faili lenyewe halisogei. Wakati wa kuchapa au kutoa PDF, programu huifuata anwani ile, hulisoma faili asilia na kulitumia. Isipolikuta, hubaki na picha wakilishi peke yake, na katika baadhi ya programu fremu hubaki tupu kabisa. Picha wakilishi inaweza kuonekana vizuri kwenye skrini, lakini karatasini huonyesha miraba, na mistari yake ya mshazari huwa na meno kama ya msumeno.

Hapo ndipo *ingiza* linapodanganya. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba picha zimeingizwa atanakili hati peke yake kwenye flashi, ataacha folda ya picha nyumbani, na atagundua tatizo mbele ya mashine, au asigundue mpaka vitabu vimekwisha kujalidiwa. Hajafanya uzembe, amekiamini kitenzi.

Kwa kitendo cha jumla, *weka* linafaa zaidi: *weka picha kwenye fremu*. Kitenzi hiki kinasema tu kwamba kitu kimepewa mahali, bila kudai kwamba kimekuwa sehemu ya mahali hapo. Kikombe kilichowekwa mezani hakijawa meza. Ni kweli kwamba *weka* lina maana ya kuhifadhi pia, kama katika kuweka akiba, lakini muktadha wa fremu na ukurasa huondoa utata huo. *Leta* nalo linakubalika pale mkazo unapokuwa kwenye safari ya picha kutoka nje. *Ingiza* libakie kwa mambo yanayoingia kweli, mathalani matini au tarakimu zinazochapwa kwa kibodi.

Unganisha, pachika, pachua

Baada ya kuwekwa, picha huwa na mojawapo ya hali mbili, na Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyozitenganisha vizuri kuliko vile vya lugha nyingi.

Picha ambayo faili lake lipo nje, na hati inaijua kwa anwani tu, *imeunganishwa*. Nomino yake ni *kiungo*, ngeli ya KI-VI. Neno hili lina maana nyingi (viungo vya mwili, viungo vya pilau, kiungo cha tovuti), lakini zote zina wazo moja la kitu kinachoshikamana na kikubwa kuliko chenyewe, na hakuna msomaji atakayechanganya bizari na faili la picha. Picha ambayo data zake zote zimetiwa ndani ya hati *imepachikwa*. *Pachika* ni kitenzi cha zamani: mshale hupachikwa kwenye upote wa upinde, ua hupachikwa kwenye nywele, kisu hupachikwa kiunoni. Katika matumizi yote hayo kitu kinashikwa na kile kilichokipokea na kinakwenda nacho kokote kinakokwenda. Ndivyo hasa ilivyo kwa picha iliyopachikwa: hati ikihama, picha inahama nayo.

Fauka ya hayo, *pachika* lina kinyume chake kilicho tayari. Kama *bandika* lilivyo na *bandua*, na *chomeka* lilivyo na *chomoa*, *pachika* lina *pachua*. Programu kadhaa huruhusu picha iliyopachikwa itolewe tena na kuwa faili la nje lenye kiungo. Wafasiri huandika kitendo hicho kwa virai virefu kama *kuondoa hali ya kupachikwa*, ilhali *pachua picha* ni maneno mawili na hayana utata wowote.

*Ambatisha* lisitumiwe kwa hali yoyote kati ya hizi. Limekwishajipatia kazi katika baruapepe, ambako kiambatisho ni faili linalosafiri pamoja na ujumbe lakini kando yake. Msomaji aliyezoea matumizi hayo ataelewa kwamba picha iliyoambatishwa itasafiri, na kosa litakuwa lilelile la *ingiza*. *Bandika* nalo linafaa kwa kunakili kitu na kukiweka pengine ndani ya kompyuta, na huko limekwishazoeleka. Picha iliyonakiliwa kutoka programu nyingine na kubandikwa ukurasani aghalabu haina kiungo chochote: haimo kwenye orodha ya viungo, na chanzo chake hakijulikani. Wahariri wa vitabu wenye uzoefu hukataza njia hiyo, nao wana sababu nzuri.

Kwa nini basi picha zote zisipachikwe ili kuepuka balaa? Jibu ni uzito. Kitabu cha kiada chenye picha 150, kila moja ikiwa na megabaiti 20, kingekuwa na megabaiti 3,000 za picha tu, na kila kuhifadhi kungekuwa kungoja. Tena picha iliyounganishwa ikirekebishwa mahali ilipo, kurasa zote zinazoitumia zinaweza kupata sura mpya kwa amri moja. Iliyopachikwa haipati habari hizo. Nembo ya shule iliyo katika kurasa 40 inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Wasanifu wengi huunganisha picha kubwa na kupachika, ikibidi, michoro midogo tu.

Kiungo kukatika, picha kutopatikana

Programu zenye orodha ya viungo huonyesha hali ya kila picha kwa alama. Katika InDesign, duara jekundu lenye alama ya kuuliza huonyesha kwamba faili halikukutwa mahali lilipoandikwa, na pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao huonyesha kwamba faili limebadilishwa tangu lilipowekwa. Tafsiri za ujumbe huo zinastahili uangalifu.

*Picha imepotea* ni tafsiri mbaya kwa hali ya kwanza. Kupotea ni msiba. Msomaji huelewa kwamba kazi ya mpiga picha haipo tena duniani. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba folda imebadilishwa jina au diski ya nje imechomolewa. *Picha haipatikani* ndiyo kauli sahihi, kwa kuwa inamwelekeza mtu kutafuta badala ya kuomboleza. Kuhusu kiungo chenyewe, kiseme *kimekatika*, kisiseme *kimevunjika*. Katika Kiswahili kinachovutika baina ya vitu viwili, kama kamba, uzi au mawasiliano ya simu, hukatika. Huvunjika kigumu, kama fimbo, kikombe au mguu. *Kiungo kilichovunjika* ni sarufi ya Kiswahili juu ya fikra ya lugha nyingine, na mahali pengine pekee inapofaa ni hospitalini.

Kwa hali ya pili kuna chaguo kati ya *imebadilika* na *imebadilishwa*. Kauli ya kutendeka hunyamazia mtenda, kauli ya kutendwa humwashiria. Faili la picha halibadiliki lenyewe kama hali ya hewa. Kuna mtu aliyelifungua na kulihifadhi upya. *Picha imebadilishwa* humfanya msanifu aulize ni nani na kwa nini, nalo ni swali linalostahili kuulizwa kabla ya kubofya *sasisha*. *Sasisha* lenyewe, lililoundwa kutokana na *sasa*, limekubalika vya kutosha katika kompyuta na simu, na hakuna haja ya kulikimbia. Kumwelekeza kompyuta faili lilipo baada ya kiungo kukatika ni *kuunganisha upya*.

Azimio lisilo la picha

Kosa moja limeenea hasa kwa sababu ya tafsiri za mashine: *azimio la picha*. Neno la Kiingereza linalotaja uamuzi wa mkutano ndilo hilohilo linalotaja wingi wa nukta katika picha, na mashine huchukua maana ya kwanza. Kwa msomaji wa Kiswahili azimio ni jambo lililoazimiwa, na neno hilo limebeba tangu mwaka 1967 uzito wa Azimio la Arusha. Picha haina azimio. Ina *msongamano wa pikseli*, unaohesabiwa kwa pikseli zilizomo katika kila inchi.

Istilahi hii ina faida ya kueleza jambo linalowatatiza wanafunzi wengi, yaani kwamba picha moja ina misongamano miwili. *Msongamano wa asili* ni ule ulioandikwa ndani ya faili. *Msongamano wa ukurasani* ni ule unaopatikana baada ya picha kukuzwa au kupunguzwa. Chukua picha yenye upana wa pikseli 2,400 ambayo kamera imeiandikia msongamano wa 72. Ikiwekwa bila kupunguzwa itakuwa na upana wa zaidi ya inchi 33, mkubwa kuliko ukurasa wowote wa kawaida. Ikipunguzwa hadi asilimia 24, upana utakuwa inchi 8, na pikseli zilezile zitasongamana hadi 300 kwa inchi. Ikitandazwa juu ya kurasa mbili zinazotazamana, inchi 16, zitakuwa 150 tu. Hakuna pikseli iliyoongezwa wala kupunguzwa. Zimesogeleana au zimeachana. Mwalimu anaweza kulinganisha na abiria wa daladala waliohamishiwa kwenye basi kubwa: idadi ni ileile, msongamano sio.

Idadi inayotosha hutegemea karatasi na mashine. Kanuni inayofuatwa sana ni kuzidisha kwa 1.5 hadi 2 idadi ya mistari ya skrini ya uchapaji katika kila inchi. Gazeti la karatasi nyepesi linalochapwa kwa mistari 85 hutosheka na pikseli 130 hadi 170. Jarida la mistari 150 huhitaji 225 hadi 300. Michoro ya mistari myeusi mitupu huhitaji zaidi, 600 hadi 1,200, kwa sababu jicho huona haraka mkwaruzo kwenye ukingo mkali. Picha iliyotoka kwenye ukurasa wa wavuti haifikii viwango hivi isipokuwa kwa bahati, na kuandika 300 katika kisanduku cha programu hakuisaidii kama pikseli zenyewe hazipo.

Kwa sababu hiyo hiyo *punguza picha* ni agizo pungufu. Linaweza kumaanisha kupunguza vipimo vyake ukurasani, kupunguza idadi ya pikseli, au kupunguza uzito wa faili kwa mgandamizo. La kwanza huongeza msongamano. La pili hutupa data zisizorudi. La tatu hutegemea aina ya faili: JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya baada ya kuhaririwa, ilhali TIFF inaweza kugandamizwa bila kupoteza chochote. Mfasiri ataje kinachopunguzwa, hata kama matini chanzi imekaa kimya.

Kukata au kuficha

Kuondoa sehemu za pembeni za picha huitwa *kukata*, na wengine hutumia *kupogoa* kwa kufananisha na matawi ya mti. Yote mawili ni sahihi katika programu ya kuhariri picha, ambamo kilichokatwa hutoweka faili likishahifadhiwa. Katika usanifu wa kurasa hali ni nyingine. Fremu ni kama dirisha, na picha ipo nyuma yake. Fremu ikifanywa ndogo, sehemu ya picha haionekani, lakini ipo. Hapa *kuficha kingo* au *kubana fremu* ni maelezo ya kweli zaidi.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria na wa kibinadamu. Mhariri anayepachika picha ya mtoto na kuficha uso wa jirani nje ya fremu, kisha akamtumia mtu mwingine hati, amemtumia pia uso ule, kwa kuwa mpokeaji anaweza kuipanua fremu na kuuona. Alichokusudia kilihitaji kukatwa, naye ameficha tu.

Fremu na picha huweza kusogezwa pamoja au kila kimoja peke yake, jambo ambalo huwachanganya wanaoanza. Maagizo yaandikwe kwa kutaja kitu: *sogeza fremu*, *sogeza picha ndani ya fremu*. Anayevuta pembe moja bila kulinda uwiano wa pande huwarefusha watu au kuwanenepesha. Kitendo hicho ni *kupotosha uwiano*; *kunyoosha picha* lisitumiwe, kwani kunyoosha ni kuondoa upinde, nalo linahitajika kwa picha iliyopigwa kombo.

Kuzungusha, kugeuza, kupindua

Vitenzi hivi vitatu hutumiwa ovyo. *Zungusha* ni kuitembeza picha kwenye mhimili wake kwa nyuzi kadhaa. *Pindua* ni kuifanya juu kuwe chini. *Geuza* lipewe kazi ya kubadilishana kushoto na kulia kama katika kioo, na kwa usalama liandikwe *geuza kama kiooni*.

Wasanifu hupenda kugeuza picha ya mtu ili atazame ndani ya ukurasa. Anayeandika kwa mkono wa kulia hugeuka kuwa wa shoto, vifungo vya shati huhamia upande mwingine, na kibao cha duka husomeka kinyume. Hatari ni kubwa zaidi kwa picha za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Msanifu asiyeisoma hati hiyo hawezi kuona kwamba ukurasa umegeuzwa, wala kisahihishi cha tahajia hakitamwambia. Utenzi ulionusurika mchwa na unyevu wa pwani unaweza kuchapwa usisomeke. Picha ya aina hiyo iwe na maelezo yanayosema mstari wa kwanza unaanzia wapi, na mtu anayeisoma hati aitazame kabla haijaenda mashineni.

Kuhariri na kuchakachua

*Hariri* lilianza kwa matini na sasa linatumika kwa picha bila kizuizi. Mabadiliko yanayofanywa kwenye ukurasa, kama kukuza, kuzungusha au kuficha, hayaligusi faili asilia. Huandikwa ndani ya hati tu. Amri ya kuhariri asilia, kwa upande mwingine, hulifungua faili lenyewe katika programu ya picha, na likihifadhiwa, kila hati iliyounganishwa nalo hupata mabadiliko hayo. Msahihishaji anayetaka kung'arisha picha kwa ajili ya gazeti afanye nakala kwanza, la sivyo kitabu kilichotumia picha hiyohiyo nacho kitang'aa.

Kusawazisha mwanga ni *kurekebisha*. Kuondoa mtu aliyekuwapo, au kuongeza asiyekuwapo, katika picha ya habari ni *kughushi*. Lugha ya mitaani ina *kuchakachua*, neno lililovuma Tanzania kwa mafuta yaliyochanganywa na sasa linatumika kwa chochote kilichoharibiwa uhalisia wake. Katika matini rasmi *kughushi* lina nafasi yake, lakini hakuna msomaji asiyeelewa *picha imechakachuliwa*, na mara nyingine ndilo linalogonga penyewe.

Majina ya mafaili, na kufungasha

*Faili* hupatanishwa kwa namna mbili: *faili limefunguliwa, mafaili yamefunguliwa*, au *faili imefunguliwa, faili zimefunguliwa*. Zote mbili zipo katika maandishi ya wenyeji. Matini moja ichague moja. *Picha*, *fremu*, *pikseli* na *programu* ni za I-ZI na hazina mjadala.

Kiswahili kina tatizo moja dogo ambalo miongozo ya Kiingereza haina sababu ya kulitaja. Alama ya ritifaa katika *ng'ombe* au *ng'ambo* inaweza kuwa iliyonyooka au iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Faili lililopewa jina kwa alama moja halitapatikana kwa jina lililochapwa kwa nyingine, ingawa jicho la mtu haliioni tofauti. Ni busara kuandika *ngombe-01.tif* katika jina la faili na kuacha tahajia sanifu kwa maelezo ya picha. Vilevile Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina, ilhali Windows kwa kawaida haitofautishi, *Soko.JPG* na *soko.jpg* huweza kuwa faili moja ofisini na mawili kwa mchapaji.

Amri inayokusanya hati, nakala za picha zilizounganishwa na fonti katika folda moja kabla ya kwenda kiwandani iitwe *kufungasha*. Ni kitenzi cha msafiri na mzigo wake, na humkumbusha mtumiaji kufanya anachofanya msafiri: kuhesabu. Idadi ya mafaili katika folda ya picha ilinganishwe na orodha ya viungo, ikikumbukwa kwamba picha iliyotumika mara kumi ina faili moja, na kwamba zilizobandikwa bila chanzo hazitakuwamo katika hesabu hiyo.